MAWE YANAYOTOKA JUU
Somo la sayansi kwa wanafunzi wa madarasa yote



Safari hii tumepewa fasi ya kuandika somo la sayansi, nasi wa mwaka wa sita tumechagua kuandika juu ya mawe yanayoanguka toka mbinguni. Kwa Kiswahili yanaitwa vimondo. Moja ni kimondo. Wenye kusoma Kifaransa wanayajua kwa jina la meteoriti.

Juu ya nini tumechagua somo hili? Tuko na sababu tatu. Ya kwanza, kila mara nyota inapokimbia usiku juu ya mlima Muhabura, wadogo wetu wanauliza: "Imeanguka wapi?" Swali zuri lastahili jibu zuri. Ya pili, wako watu wanaopita na mawe meusi mfukoni wakisema ni mawe ya mbinguni yenye nguvu ya kuponya, na wenzetu wengine wanatoa franka zao. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: katika mashamba yetu kuna vitu vingine vilivyotoka juu ambavyo si vimondo hata kidogo, navyo vinaua. Anayejua kutofautisha ataishi. Kwa hiyo tunawaomba msome mpaka mwisho, hata ninyi mnaokimbia fizika.

1. Kimondo ni kitu gani?

Kwanza tuondoe kosa moja. Nyota haianguki. Jua letu ni nyota, na upana wake ni kama Dunia 109 zilizopangwa mstari mmoja. Kitu kama hicho kikituangukia hakuna atakayebaki kuuliza kimeanguka wapi! Ule mwanga unaokimbia usiku ni kipande kidogo cha jiwe, mara nyingi kidogo kama punje ya mchanga, kinachoingia katika hewa yetu kwa mbio kali sana. Hewa iliyo mbele yake inabanwa, inapata moto mkali, na kipande kinayeyuka na kung'aa. Kwa kawaida kinakwisha chote huko juu na hakuna kitu kinachofika chini.

Lakini jiwe likiwa kubwa, haliishi lote. Sehemu inayobaki inaanguka juu ya ardhi, nayo ndiyo kimondo.

Mengi ya mawe hayo yanatoka katika ukanda wa asteroidi, yaani vipande vya miamba vinavyozunguka Jua kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, zile tunazoziita Mars na Jupiter darasani. Ni mabaki ya ujenzi. Fundi akimaliza kujenga nyumba, kando yake kunabaki vipande vya matofali. Vivyo hivyo sayari zilipoumbika, vipande vingine vilibaki. Ndiyo maana wataalamu wanayapenda mawe haya kuliko dhahabu. Umri wake ni karibu miaka bilioni 4 na milioni 560. Hapa Duniani mawe ya zamani namna hiyo hayapatikani, kwa kuwa Dunia yetu imeyayeyusha na kuyageuza mara nyingi. Sisi tunaoishi kati ya volkeno tunaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa sana.

Kuna aina tatu za vimondo: vya mawe, vya chuma, na vyenye mawe na chuma pamoja. Katika vimondo 100 vilivyoonwa vikianguka, zaidi ya 90 ni vya mawe. Vya chuma ni vichache, lakini ndivyo vinavyojulikana sana, kwani havioti kutu upesi na ni vikubwa. Kile cha Mbozi, kusini ya Tanzania, ni cha chuma, nacho kina uzito wa tani 16 hivi. Wenyeji wa Mbozi walikijua tangu zamani. Watu wa nje walipata habari zake mwaka 1930. Kwetu Kongo pia vimeanguka: mwaka 1957 kimondo cha mawe, cheusi, chenye kaboni, kilianguka Essebi, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Mkoa wa Mashariki. Basi si jambo la Wazungu peke yao.

2. Mvua ya mawe huko Mbale

Sasa tuvuke mpaka. Mbale ni mji wa mashariki ya Uganda, chini ya mlima Elgon. Tarehe 14 Agosti 1992, siku ya tano, saa tisa na dakika 40 ya mchana kwa saa ya Uganda (kwetu ng'ambo hii ingekuwa saa nane na dakika 40), watu walisikia mshindo mkubwa kama wa bombe, kisha mngurumo mrefu. Halafu mawe yakaanza kuanguka juu ya mji na mashamba.

Jiwe moja kubwa lilikuwa limepasuka huko juu na kuwa mamia ya vipande. Vilitawanyika katika eneo la kilometa 7 kwa 3. Kipande kikubwa kilichopatikana kilikuwa na kilo 27 na zaidi, na vyote vilivyookotwa na kupimwa vilifika kilo 150 hivi. Vilianguka juu ya mabati ya nyumba, barabarani, katika mashamba ya migomba. Na kijana mmoja alipigwa kichwani! Jiwe lililompiga lilikuwa na gramu 3 na nusu hivi, nalo lilipita kwanza katika majani ya mgomba. Hakuumia.

Mtu atauliza: inawezekanaje? Jiwe linaingia hewani kwa kilometa zaidi ya 10 kila sekunde, kisha linapiga kichwa cha mtoto bila kumuua? Jibu ni somo la mwaka wa nne, lile la msuguano wa hewa. Hewa inalizuia jiwe kama mkono. Vipande vidogo vinapoteza mbio zake zote kilometa nyingi juu ya vichwa vyetu, kisha vinaanguka kama jiwe lolote lililotupwa toka juu, na mbio za mwisho zinategemea uzito na ukubwa wa kipande. Kidogo kinaanguka polepole, kikubwa kinaanguka kwa nguvu. Mgomba nao ulisaidia. Lakini ingekuwa lile la kilo 27, tusingekuwa na habari njema ya kuandika.

Vimondo vya Mbale ni vya mawe, aina ile inayoitwa kondriti. Ukikikata na kukiangalia kwa kioo cha kukuza, unaona vipunje vya mviringo ndani yake, na pia chembe za chuma zinazong'aa. Vipunje hivyo vilikuwa matone ya mawe yaliyoyeyuka angani, kabla Dunia yetu haijakamilika.

Kuna jambo lingine la Mbale ambalo hatuwezi kulificha. Mwaka 1992 ukimwi ulikuwa unamaliza watu Uganda, na dawa ya kweli haikuwako. Basi watu wakasema: mawe haya yametumwa toka mbinguni ili yatuponye. Wakayasaga, wakafanya unga, wengine wakaupaka na wengine wakaumeza. Ndugu, tusiwacheke. Mtu anayemwona mtoto wake anakufa atashika hata jani. Lakini yatupasa kusema ukweli: ndani ya jiwe lile mlikuwa na madini ya kawaida, chuma, na nikeli kidogo. Hamkuwa na dawa. Hakuna aliyepona ukimwi kwa kumeza kimondo. Miaka michache baadaye, tangu 1996, dawa za kweli za kuzuia virusi zilianza kutumika, nazo zilipatikana kwa kazi ya maabara na kupima. Leo zinatolewa katika vituo vya afya. Anayeacha vidonge vyake kwa sababu ya jiwe la mfanyabiashara, huyo anajiua.

3. Mawe ya jangwani na wanafunzi wa Khartoum

Hii ndiyo habari tuliyoipenda kuliko zote, maana kazi kubwa ndani yake ilifanywa na wanafunzi.

Tarehe 6 Oktoba 2008, mtaalamu Richard Kowalski alikuwa akiangalia mbingu kwa darubini kubwa ya mlima Lemmon, huko Arizona, Marekani. Akaona nukta ndogo inayotembea kati ya nyota. Ilikuwa asteroidi ndogo, upana wake mita 4 hivi, sawa na chumba kimoja cha nyumba. Ikapewa jina 2008 TC3. Wakapiga hesabu ya njia yake, wakaona: kesho inagonga Dunia! Wakapiga hesabu tena: itaingia hewani juu ya jangwa la Nubia, kaskazini ya Sudani. Katika historia yote ya binadamu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza asteroidi kuonwa angani kabla haijafika kutugonga. Muda uliobaki ulikuwa saa 20 hivi.

Nayo ikafika kama hesabu ilivyosema. Tarehe 7 Oktoba 2008, kabla jua halijatoka, saa kumi na moja na dakika 46 kwa saa ya Sudani, iliingia kwa mbio za kilometa 12.4 kila sekunde. Mjue maana ya mbio hizo: toka Bunagana mpaka Goma, kwa njia ya ndege, ni kilometa 60 hivi. Kitu hicho kingefika Goma kabla hujamaliza kuhesabu mpaka tano, na sisi kwa lori tunalala njiani. Ilipofika kilometa 37 juu ya jangwa ilipasuka. Rubani wa ndege ya KLM aliyekuwa mbali sana, kilometa 1,400 hivi, aliona mwanga.

Hebu tupige hesabu ya nguvu yake, wale wa mwaka wa tano washike kalamu. Uzito wa asteroidi ulikadiriwa kuwa tani 80, yaani kilo 80,000. Nguvu ya mwendo ni nusu ya uzito mara mbio mara mbio. Mbio ni mita 12,400 kwa sekunde. Ukizidisha 12,400 kwa 12,400 unapata 153,760,000. Zidisha kwa 80,000, gawa kwa mbili: unapata karibu jouli 6,150,000,000,000. Tani elfu moja za baruti ya TNT zinatoa jouli kama 4,200,000,000,000. Basi mlipuko ule ulikuwa sawa na tani elfu moja na mia tano hivi za baruti. Tumshukuru Mungu ilikuwa juu sana, tena jangwani.

Wengi walisema: imekwisha yote, imekuwa vumbi. Lakini mtaalamu Peter Jenniskens, ambaye pia alikuwa ameandika juu ya mvua ya mawe ya Mbale, hakukata tamaa. Akaenda Khartoum kuungana na Profesa Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum. Kwanza waliwauliza watu waliouona moto: wapi ulitokea, wapi ulizimika. Kisha mwezi wa Desemba 2008 wakaondoka na wanafunzi na wafanyakazi wa chuo, jumla yao watu 45, wakaenda jangwani karibu na kituo kidogo cha reli kati ya Wadi Halfa na Abu Hamed. Kituo hicho kinaitwa Kituo cha Sita. Kwa Kiarabu, Almahata Sitta. Mawe yale yanaitwa Almahata Sitta mpaka leo.

Walifanyaje? Hawakuwa na mashine kubwa. Walijipanga mstari mmoja mrefu, mtu na mtu wakiachana, wakatembea mbele pamoja macho yakiwa chini. Basi! Jiwe la kwanza lilionwa na mwanafunzi. Safari ile ya kwanza walipata mawe 15. Baada ya safari nyingine yakawa 47, yenye kilo karibu 4, na habari yake ikatangazwa ulimwenguni mwezi wa Machi 2009. Miaka iliyofuata walirudi tena na tena, mpaka wakafika mawe 600 hivi, yenye kilo 10 na nusu. Tani 80 ziliingia, kilo 10 na nusu zikapatikana. Zile nyingine zilikuwa vumbi kweli.

Juu ya nini jangwa ni fasi nzuri ya kutafuta? Kwanza, ardhi yake ina rangi ya mchanga, na kimondo kipya ni cheusi: kinaonekana toka mbali. Pili, hakuna majani ya kukifunika. Tatu, hakuna mvua nyingi ya kukiozesha; maana kimondo nacho kinaoza, chuma chake kinashika kutu. Hapa kwetu, mvua, udongo mzito, na mawe meusi ya volkeno kila fasi! Kimondo kikianguka leo kati ya Bunagana na Rutshuru, kukitafuta ni kama kutafuta punje ya kahawa katika gunia la maharagwe meusi.

Na mawe yale yalifundisha nini? Mengi ni ya aina isiyo ya kawaida inayoitwa ureiliti. Ndani yake mlikuwa na almasi, lakini ndogo mno, haiwezi kuonekana kwa macho, mtu asianze kuota biashara. Mwaka 2018 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walizichunguza wakasema kwamba almasi za namna ile zinahitaji mgandamizo mkubwa sana, kama ule ulio ndani ya sayari. Wakafikiri kwamba zilitoka katika sayari changa iliyovunjika zamani mno, ukubwa wake kati ya Zebaki na Mirihi. Yaani wanafunzi wa Khartoum huenda walishika mkononi kipande cha sayari ambayo haiko tena.

Kazi kama hiyo ilifanyika tena Botswana. Tarehe 2 Juni 2018 asteroidi nyingine ndogo ilionwa saa chache tu mbele ya kufika, ikapasuka juu ya jangwa la Kalahari. Watafiti wa Botswana na wageni wao walitafuta katika hifadhi yenye simba, askari wa wanyama wakiwalinda. Tarehe 23 Juni mwanamke wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Botswana akaliona jiwe la kwanza, lenye gramu 18 tu. Mara nyingine tena jicho la Mwafrika.

Kuna uchungu pia katika habari hii. Mwezi wa Aprili 2023 vita vilianza katika mji wa Khartoum. Vyuo vikafungwa, wanafunzi wakatawanyika, wengi wakawa wakimbizi. Sisi wa Bunagana hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Lakini kile wanafunzi wa mwaka 2008 walichokipata hakuna vita vinavyoweza kukifuta. Ndiyo faida ya elimu: mtu anakimbia nayo bila kubeba mzigo.

4. Wenye hekima nao walikosea

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaweza kuogopa kusema walichokiona, wakifikiri watachekwa. Wasikie hili. Zamani wakulima wa Ulaya walisema wameona mawe yakianguka toka juu, na wenye hekima wa Paris wakawacheka, wakisema ni hadithi za watu wasiosoma. Tarehe 26 Aprili 1803, huko L'Aigle, Ufaransa, mawe karibu 3,000 yalianguka mchana. Serikali ikamtuma kijana mtaalamu, Jean-Baptiste Biot. Yeye hakukaa ofisini. Alitembea kijiji kwa kijiji akiuliza watu, akaokota mawe, akalinganisha. Akaandika kwamba wakulima walisema kweli. Tangu siku ile mabishano yakaisha. Mtaalamu wa kweli ni yule anayesikiliza, kisha anapima.

5. Namna ya kutambua kimondo

Basi mtu akikuletea jiwe na kusema limetoka mbinguni, usiseme ndiyo, usiseme apana. Pima.

(a) Angalia matundu. Mawe yetu ya volkeno, kama yale Nyiragongo iliyoyamwaga Goma mwaka 2002 na 2021, mara nyingi yako na matundu mengi kama sponji, kwa sababu ya gesi iliyotoka. Kimondo kwa kawaida hakina matundu hayo. Kwa jaribio hili moja utakataa karibu mawe yote yanayouzwa.

(b) Angalia ngozi. Kimondo kipya kimefunikwa na ngozi nyembamba nyeusi, kama mkate ulioungua juu tu. Kikivunjika, ndani ni cha rangi nyingine, mara nyingi ya majivu. Jiwe la volkeno ni jeusi mpaka katikati.

(c) Leta sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu. Vimondo vingi vinashikwa kwa sababu ya chuma. Lakini jihadhari: baadhi ya mawe yetu ya volkeno yanashikwa pia kidogo. Sumaku peke yake haitoshi kuwa shahidi.

(d) Sikia uzito. Kimondo cha mawe kwa kawaida ni kizito kuliko jiwe la kawaida la ukubwa ule ule. Hata hivyo koltani ya Rubaya ni nzito zaidi, nayo ilichimbwa chini ya ardhi. Uzito nao peke yake hautoshi.

(e) Likwaruze chini ya kikombe cha udongo, pale pasipopakwa rangi. Likiacha mstari mwekundu ao mweusi mzito, huenda ni madini ya chuma ya hapa Duniani. Kimondo cha mawe kwa kawaida hakiachi mstari.

(f) Tafuta chembe za chuma zinazong'aa pale lilipovunjika, na vipunje vya mviringo.

Likishinda majaribio yote, usilioshe, usilichome, usilipige nyundo zaidi. Lifunge katika karatasi safi, andika fasi ulipolipata, siku na saa, kisha mpelekee mwalimu. Goma kuna Kituo cha kuchunguza volkeno, na watu wa kule wanajua mawe. Tena ukiona moto mkubwa ukipita mbinguni, hesabu sekunde mpaka usikie mshindo. Mwanga unafika mara moja, sauti inachelewa. Kila sekunde tatu ni kama kilometa moja.

6. Onyo

Hapa tunaomba kila mmoja asome mara mbili.

Vita vilipita Bunagana mwaka 2012, mwaka 2013, na tena mwezi wa sita 2022. Vitu vya vita vinabaki katika majani na katika udongo miaka mingi. Mtoto anayetafuta jiwe la mbinguni anaweza kuokota bombe, guruneti, ao kichwa cha roketi. Vitu hivyo navyo ni vizito, navyo vinashikwa na sumaku, navyo vinaweza kuwa vyeusi. Lakini kimondo hakikutengenezwa na mtu. Hakina mviringo sawasawa kama chupa ao yai la chuma. Hakina mabawa, hakina pete, hakina skrubu, hakina maandishi, hakina rangi iliyopakwa. Ukiona hata moja tu ya alama hizo, usiguse. Usitupie mawe. Usikimbie ovyo. Rudi kwa njia ile ile uliyoijia, wazuie wadogo, kamwambie mtu mzima. Na ikiwa huna uhakika, uhesabu kwamba ni bombe. Hakuna kimondo chenye bei ya mkono wako.

Tena kama hamjui shamba, msifanye mstari kama wanafunzi wa Khartoum. Wao walitembea jangwani pasipopita vita wakati ule. Sisi tutafute njiani, uwanjani, katika mashamba yanayolimwa kila mwaka.

7. Na Neno la Mungu je?

Watu wa Efeso, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 19, walijivuna kwamba walilinda kitu kilichoanguka toka mbinguni, wakakiabudu. Wataalamu wengine wanafikiri kilikuwa kimondo. Paulo hakubishana nao kama kilianguka ao hakikuanguka. Yeye alifundisha kwamba vilivyofanywa kwa mikono si miungu. Nasi tuseme vivyo hivyo juu ya jiwe: kutoka juu hakulifanyi kuwa Mungu. Mvua nayo inatoka juu, tunaichota kwa ndoo. Kimondo ni kiumbe kama sisi, cha zamani kuliko sisi. Tukikisoma vizuri tunamheshimu aliyekiumba. Tukikiuza kama dawa tunawaibia wagonjwa.

Maswali ya kujipima

1. Asteroidi ilipasuka kilometa 37 juu. Sauti inakwenda mita 340 kila sekunde. Aliyesimama chini yake alingoja sekunde ngapi kabla ya kusikia?
2. Katika kila tani moja ya asteroidi ile ya Sudani, ni gramu ngapi zilizopatikana?
3. Jiwe lina gramu 680 hewani; ukilipima likiwa ndani ya maji linaonyesha gramu 480. Tafuta uzito wa sentimita kyubu moja. Linaweza kuwa kimondo?
4. Taja alama tano za kitu cha vita ambazo kimondo hakiwezi kuwa nazo. (Swali hili ni la lazima kwa wote.)

Majibu mpeleke kwa mwalimu wa fizika. Mwenye neno la kutusahihisha alete, tutalipokea kwa furaha.

Ni sisi ndugu zenu, viongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita.